Kumsoma mgonjwa: somo kwa wanaosomea uuguzi wa magonjwa ya ndani na upasuaji

Somo hili ni kwa ajili ya wale wanaosomea uuguzi wa ufundi huko Marekani, hasa katika majimbo ya Texas na California ambako muuguzi wa ngazi hiyo huitwa LVN. Katika majimbo mengine muuguzi huyohuyo huitwa LPN. Wasomaji wetu wengi wana ndugu huko. Wapo Wakenya waliokwenda kutafuta kazi, na wapo Wakongomani waliopelekwa kutoka makambi ya wakimbizi kama Nyarugusu. Wengi huanza na kazi ya kuwasaidia wauguzi, yaani kuogesha wagonjwa, kuwageuza na kubadilisha mashuka, kisha hujiandikisha katika kozi hii ili wapande ngazi moja. Anayesomea uuguzi ngazi ya cheti Tanzania au Kenya naye atapata la kumfaa hapa, kwa kuwa mwili wa binadamu haubadiliki kwa kuvuka bahari.

Mimi nilisoma kozi hii Texas. Siku hizi, jioni za Jumamosi, huwa nakaa na wanafunzi wanaozungumza Kiswahili tunasoma pamoja. Swali la kwanza ni lilelile kila mwaka: "Dada, kitabu hiki chote nitakikariri vipi?" Kitabu chenyewe cha uuguzi wa magonjwa ya ndani na upasuaji kina kurasa zaidi ya elfu moja, na herufi zake ni ndogo.

Jibu langu ni kwamba hutakikariri, na ukijaribu utafeli. Tazama jinsi saa za kozi zilivyopangwa. Texas inadai saa zisizopungua 1,398. Kati ya hizo 558 ni za darasani na 840 ni za mafunzo kwa vitendo. California inadai saa 1,530, yaani 576 za nadharia na 954 za vitendo. Majimbo yote mawili yanakutaka ukae muda mrefu zaidi karibu na kitanda kuliko kwenye dawati. Basi kitabu kisomwe kwa namna itakayokusaidia kitandani.

Namba tatu nilizoziandika vizuri

Nitaeleza kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Nilikuwa katika muhula wa pili, hospitali moja ambayo sitaitaja. Nilipewa mzee aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga asubuhi ileile. Kazi yangu ilikuwa kumpima kila nusu saa na kuandika. Saa nne mapigo ya moyo yalikuwa 84 kwa dakika na shinikizo la damu 124/76. Saa nne na nusu mapigo yalikuwa 98 na shinikizo 122/82. Saa tano mapigo 114, shinikizo 118/88. Niliandika zote kwa mwandiko mzuri, kila moja mahali pake. Mzee alikuwa anahangaika kidogo, anavutavuta shuka na kuuliza saa ngapi. Nilidhani ni maumivu au ni mabaki ya dawa ya usingizi. Nilimfunika vizuri.

Sitaficha kwamba niliiona ile 114 na moyo wangu ukashtuka. Lakini muuguzi msajiliwa aliyekuwa akinisimamia alikuwa anazungumza na daktari. Nyumbani nilifundishwa kwamba wakubwa wanapozungumza mdogo anasubiri. Tena niliona aibu kwa sababu ya Kiingereza changu. Nikajiambia kwamba shinikizo la damu bado ni zuri, nitasubiri kipimo kinachofuata.

Muuguzi alipomaliza alikuja, akasoma karatasi yangu, hakusema neno. Aliinua shuka, akaingiza mkono wake wenye glavu chini ya paja la mzee. Mkono ulitoka na damu. Bendeji kwa juu ilikuwa safi kabisa. Damu ilikuwa imeteremka kwa pembeni na kukusanyika chini yake, ikalowesha godoro. Mzee alirudishwa chumba cha upasuaji muda uleule, na alipona. Baadaye muuguzi aliniuliza jambo moja tu: "Namba hii uliiona saa ngapi?"

Hakuna aliyeweza kunilaumu kwa kutopima, wala kwa kuandika vibaya. Nilikuwa nimepima kama mtu anayejaza daftari la mahudhurio.

Mwili unavyoficha

Sasa tuone kitabu kingenisaidia nini kama ningekisoma kwa kuuliza sababu.

Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Akipoteza mililita 750, yaani chupa moja na nusu za nusu lita, huenda usione badiliko kubwa. Mwili unajikaza. Akipoteza kati ya mililita 750 na 1,500, moyo huanza kwenda mbio na mapigo hupita 100. Mishipa ya damu ya ngozi, ya mikono na ya miguu hujibana ili damu iliyobaki ipelekwe kwenye ubongo, moyo na mapafu. Ndiyo maana ngozi inakuwa ya baridi. Ndiyo maana pia figo zinapata damu kidogo na mkojo unapungua. Kwa sababu mishipa imejibana, namba ya chini ya shinikizo hupanda, na namba ya juu hubaki palepale au kushuka kidogo tu. Tofauti kati ya namba hizo mbili inapungua.

Rudi sasa kwenye namba za yule mzee. Saa nne tofauti ilikuwa 48. Nusu saa baadaye ikawa 40. Saa tano ikawa 30. Jibu lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Namba ya juu ya shinikizo huanguka waziwazi mgonjwa akishapoteza zaidi ya mililita 1,500. Anayesubiri shinikizo lianguke ndipo atoe taarifa anasubiri mwili ushindwe. Nawaambia wanafunzi wangu waandike sentensi hii kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: mapigo hupanda kabla shinikizo halijashuka.

Mambo mengine ya kuangalia yanatokana na maelezo hayohayo, na huna haja ya kuyakariri kama orodha. Ubongo ukikosa oksijeni kidogo, mtu huhangaika, huuliza maswali yaleyale, hutaka kushuka kitandani. Mapafu hujitahidi kufidia, na kupumua kunakwenda haraka. Mkojo kwenye mfuko hupungua. Kadiria nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa hiyo mtu wa kilo 60 atoe angalau mililita 30 kila saa. Ukielewa kwamba mwili unahamisha damu kutoka pembeni kwenda katikati, dalili zote hizi utazitaja bila kufungua kitabu. Na utaelewa kwa nini inakupasa kupeleka mkono chini ya mgonjwa, maana damu hufuata mteremko kama maji yoyote.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa kwa kuwafikiria wagonjwa weupe hulipita haraka. Vinasema mgonjwa "amepauka" au "amekuwa wa buluu". Kwa mtu mweusi kama wengi wetu, usitazame mashavu. Vuta chini kope la jicho utazame utando wa ndani, tazama ulimi, ndani ya midomo na viganja. Ngozi yenyewe mara nyingi huwa kama majivu. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kinaweza kudanganya. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo kwamba, kati ya wagonjwa ambao kifaa kilionyesha asilimia 92 hadi 96, kipimo cha damu chenyewe kilikuwa chini ya asilimia 88 kwa wagonjwa weusi 11.7 katika kila 100, na kwa weupe 3.6. Hiyo ni mara tatu hivi. Kwa hiyo kifaa kikisema 93 na mgonjwa anahema, mwamini mgonjwa.

Kutoa taarifa si kukosa adabu

Kisheria LVN hufanya kazi chini ya usimamizi wa muuguzi msajiliwa au daktari. Tathmini kamili ya kwanza ya mgonjwa ni ya muuguzi msajiliwa. Wewe unakusanya habari, unafuatilia, unatoa dawa ulizoruhusiwa na unatoa taarifa. Wanafunzi wengine hudhani kazi hii ni ndogo. Mimi naona kinyume chake. Daktari hupita kwa dakika chache. Muuguzi msajiliwa ana wagonjwa wengi na karatasi nyingi. Wewe ndiwe uliye karibu wakati namba inapobadilika, na usiposema hakuna atakayejua mpaka mtu mwingine apite.

Malezi yetu hapa yanaweza kutukwaza. Tumefundishwa kutomkatiza mkubwa, kutompigia daktari usiku, kutoonekana wajuaji. Hayo ni mema, nami nawafundisha wanangu. Lakini wodini heshima kwa mgonjwa ndiyo inayotangulia. Kumkatiza mtu kwa sababu mgonjwa anavuja damu si utovu wa adabu, na hakuna muuguzi mwenye akili atakayekuchukia kwa hilo. Akikukasirikia, akukasirikie mgonjwa akiwa hai.

Ili ulimi usikwame, kuna mpangilio unaofundishwa katika hospitali nyingi uitwao SBAR. Una sehemu nne: kinachotokea sasa, historia fupi, unavyoiona hali, na unachoomba. Kwa yule mzee ningesema hivi: "Mzee wa kitanda cha dirishani, mapigo yamepanda kutoka 84 hadi 114 katika saa moja. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga leo asubuhi. Ana wasiwasi, ngozi ni ya baridi, mkojo ni mililita 20 kwa saa iliyopita, na shuka chini yake limelowa damu. Nina hofu anavuja damu. Naomba uje sasa." Hapo kuna sentensi tano, na nusu dakika inatosha. Wakati unaita msaada usimwache peke yake, na bonyeza kwa nguvu panapotoka damu.

Fanya mazoezi ya maneno hayo kwa Kiingereza, kwa sauti, mbele ya kioo au na mwenzako kwenye simu. Lafudhi haitaondoka na haina haja ya kuondoka. Kinachotakiwa ni maneno yawe tayari mdomoni.

Mtaro ulioziba

Njia hii ya kuuliza sababu inafaa kwa magonjwa ya ndani vilevile. Chukua moyo ulioshindwa kufanya kazi, sura inayowatesa wanafunzi wengi. Kitabu kinatoa orodha ya dalili za upande wa kushoto na orodha nyingine za upande wa kulia, na wanafunzi huzichanganya usiku wa kuamkia mtihani.

Fikiri mtaro wa maji ya mvua. Ukiziba mbele, maji hurudi nyuma. Upande wa kushoto wa moyo hupokea damu kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini. Ukichoka, damu inarudi ilikotoka, kwenye mapafu. Basi mgonjwa anahema, anakohoa, hawezi kulala bila mito mitatu, na hali ikizidi anatoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Upande wa kulia hupokea damu kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni. Ukichoka, damu inarudi mwilini. Basi miguu inavimba, mishipa ya shingo inatuna, ini linajaa na tumbo linapanuka. Orodha zote mbili zimetoka kwenye mtaro mmoja.

Endelea na mnyororo huohuo. Maji yamezidi, kwa hiyo mgonjwa anapewa furosemaidi ili akojoe. Maji yanapotoka yanabeba potasiamu. Potasiamu ya kawaida katika damu ni 3.5 hadi 5.0, na ikishuka sana moyo hupoteza mpangilio wa mapigo. Kama mgonjwa huyo anatumia pia digoksini, potasiamu ndogo huongeza sumu ya dawa hiyo, ndiyo maana unasikiliza moyo wake kwa dakika nzima kabla ya kumpa, na yakiwa chini ya 60 unasimamisha na kutoa taarifa. Halafu unampima uzito kila asubuhi kwa mizani ileile, maana uzito huonyesha maji mapema kuliko macho. Akiongezeka zaidi ya kilo moja kwa siku, au zaidi ya kilo mbili kwa wiki, sema. Hapo umeshasoma sura nne za kitabu kwa mpigo mmoja: moyo, figo, madini ya damu na dawa.

Jaribio ninalowapa wanafunzi ni hili. Mpigie mama yako simu, umweleze ugonjwa huo kwa Kiswahili bila neno hata moja la Kiingereza. Akikuelewa, umeelewa. Ukikwama, mahali ulipokwama ndipo pa kwenda kusoma. Mwanafunzi mmoja alirudi akicheka, mama yake alikuwa amemwambia, "Kumbe ndiyo maana marehemu bibi yako alilala amekaa."

Kiswahili chetu na vipimo vyao

Kuelewa kwa Kiswahili ni kuzuri, ila kuandika ni kwa Kiingereza, na kuna mahali lugha zetu haziendi sambamba. Sisi tukisema mguu tunamaanisha kuanzia nyonga hadi kidoleni. Waingereza wana neno la wayo, na neno lingine la sehemu iliyo juu yake. Mkono ni vivyo hivyo. Kidole chetu kimoja kwao ni viwili, cha mkono na cha mguu. Mgonjwa wa nyonga unatakiwa kukagua wayo wake kama una joto, kama unahisi kuguswa, kama vidole vinachezeka. Ukiandika neno lisilo lenyewe, anayepokea zamu atatazama mahali pasipo penyewe. Tumbo nalo kwetu ni tumbo la chakula, tumbo la uzazi na sehemu yote ya mbele. Mgonjwa wetu akisema "naumwa tumbo", mwombe aonyeshe kwa kidole kimoja.

Neno presha pia lichungwe. Kwetu "ana presha" ni ugonjwa. Kwao ni kipimo tu ambacho kila mtu anacho. Nimeona mama wa Kikongo akikana kwamba hana presha, na muuguzi akaandika kwamba amekataa kupimwa.

Vipimo navyo ni tofauti. Sukari Afrika Mashariki husomwa zaidi kwa milimoli, na Marekani kwa miligramu. Zidisha milimoli kwa 18 upate namba yao. Sukari ya 3.9 kwetu ni 70 kwao, na chini ya hapo ni hatari: mgonjwa anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari, kwa mfano nusu kikombe cha juisi, kisha umpime tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui, usimpe chochote mdomoni. Homa ya nyuzi 38 kwao ni 100.4. Uzito wanausema kwa ratili, ugawe kwa 2.2 upate kilo, na dozi nyingi huhesabiwa kwa kilo. Kosa la kusahau kugawanya linampa mtoto dawa mara mbili ya inayotakiwa. Hesabu hizi zifanye kwa mkono mpaka ziwe kama kuhesabu chenji dukani.

Mtihani unauliza nini

Mwisho wa kozi kuna mtihani wa leseni, NCLEX-PN. Unafanyika kwenye kompyuta. Tangu Aprili 2023 una maswali kati ya 85 na 150, na muda wake ni saa tano. Kompyuta huongeza au kupunguza ugumu kulingana na unavyojibu, kwa hiyo usishtuke ukiona maswali yanakuwa magumu. Aliyeshindwa husubiri angalau siku 45 kabla ya kurudia.

Mabadiliko ya 2023 yalileta visa vya wagonjwa vyenye maswali kadhaa yanayofuatana. Unapewa karatasi za mgonjwa, vipimo vya saa tofauti, maelezo ya wauguzi, kisha unaulizwa ni dalili zipi zina uzito, zinamaanisha nini, lipi litangulie, ufanye nini, na utajuaje kama imesaidia. Kwa maneno mengine wanakupa karatasi yangu ya yule mzee. Aliyekariri majina ya magonjwa anapata taabu sana hapo.

Maswali ya "nani umwone kwanza" nayo huwaangusha wengi. Jaribu hili. Umepokea zamu, una wagonjwa wanne. Wa kwanza ana kisukari na sukari yake ni 250. Wa pili ana siku mbili tangu apasuliwe tumbo, anasema maumivu ni 6 kati ya 10. Wa tatu ana ugonjwa sugu wa mapafu wa miaka mingi, oksijeni yake ni asilimia 90. Wa nne aliondolewa tezi ya thairoidi saa nne zilizopita, anasema bendeji inambana na sauti yake imebadilika.

Wengi humkimbilia wa tatu kwa kuona 90. Lakini kwa mgonjwa wa mapafu wa namna hiyo lengo la kawaida ni 88 hadi 92, kwa hiyo yuko pake pa kila siku. Sukari ya 250 inahitaji kushughulikiwa, ila haimwui katika dakika kumi. Maumivu ya siku ya pili yanatarajiwa, na atapewa dawa. Wa nne anaelekea kuziba njia ya hewa, kwa kuwa damu inaweza kuwa inajikusanya ndani ya shingo. Bendeji haijakazwa na mtu, shingo ndiyo inayovimba. Nenda kwake, mkalishe, ita msaada. Tazama kwamba hukuhitaji kujua mengi kuhusu thairoidi. Ulihitaji kujua kwamba njia ya hewa hutangulia, na kwamba jambo jipya lisilotarajiwa lina uzito kuliko la zamani linalojulikana.

Kuhusu muda, sina ushauri mtamu. Wengi wenu mnafanya kazi usiku, mnasoma mchana, na kuna simu za nyumbani zinazoomba ada na dawa. Nimeona wanafunzi wenye akili kuliko mimi wakifeli kwa usingizi tu. Kama unaweza kupunguza zamu moja kwa wiki kwa mwaka mmoja wa kozi, ipunguze, na uwaambie walioko nyumbani ukweli kwamba mwaka huu pesa itapungua. Wakielezwa mapema huelewa kuliko tunavyodhani.

Zoezi la kikundi

Someni kisa hiki kwa sauti, kila mmoja atoe jibu kabla ya kusoma maelezo yaliyo chini.

Mama wa miaka 68, kilo 70, alifanyiwa upasuaji wa utumbo jana jioni. Ana miaka mingi anatumia metoprololi kwa ajili ya shinikizo la damu. Saa mbili asubuhi mapigo ni 72, shinikizo 138/80, anapumua mara 16 kwa dakika, mkojo mililita 40 kwa saa. Saa tatu mapigo 76, shinikizo 126/82, anapumua mara 20, mkojo 25. Saa nne mapigo 78, shinikizo 112/84, anapumua mara 24, mkojo 15. Anaomba maji kila mara na anataka kuvua kanula ya dripu. Bendeji ya tumbo ni kavu. Mwanafunzi mwenzako anasema, "Mapigo 78 ni mazuri kabisa, na 112 ni shinikizo la kijana. Tusubiri." Utamjibu nini?

Maelezo: Metoprololi huuzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo mapigo ya mama huyu hayawezi kupanda kama ya yule mzee wa nyonga. Namba moja imefungwa mdomo, lazima usikilize zile nyingine. Tofauti ya shinikizo ilikuwa 58, ikawa 44, ikawa 28. Namba 112 ni nzuri kwa kijana, lakini yeye alianza na 138, na mgonjwa hulinganishwa na nafsi yake. Mkojo ulitakiwa uwe angalau 35. Kupumua kumeongezeka kwa nusu. Hangaiko lake si ukaidi. Bendeji kavu haitoshi, kwa sababu damu inaweza kubaki ndani ya tumbo. Ligusa taratibu uone kama limekuwa gumu au limepanuka, tazama mpira wa kutolea majimaji kama una damu mpya, pitisha mkono chini ya mgongo. Usimpe maji ya kunywa ingawa anayaomba, maana huenda akarudi chumba cha upasuaji. Toa taarifa sasa, kwa zile sehemu nne. Muuguzi msajiliwa atakuuliza metoprololi alimeza saa ngapi mara ya mwisho, na kama dozi ya asubuhi hii tayari ametumia. Uwe na jibu hilo kabla hujanyanyua simu.